Kihamba cha Hispania

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa huu, nakusogeza mbele kidogo. Tulimwacha Marcelina mlangoni kwake, ghorofa ya nne, Barking, kitasa mkononi. Mbele yake amesimama wifi yake Haika, sare ya uuguzi bado imo chini ya koti, katoka shifti ya usiku moja kwa moja. Haika hakusalimu. Aliuliza swali moja tu.

"Wifi, tangu lini hoteli ya Hispania inauza tiketi za Moshi?"

Marcelina alichungulia ngazini, nyuma ya bega la wifi yake. 

"Nimekuuliza kwa adabu," Haika alisema. "Nijibu kwa adabu."

"Pita ndani kwanza, wifi. Majirani wanasikia."

"Majirani zako hawajui Kiswahili."

Lakini akapita. Hakukaa. Haika ni mdogo wake Deus, mume wa Marcelina, na ni mwanamke ambaye akikasirika hapigi kelele, hushusha sauti. Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa ameishusha mpaka Marcelina ikabidi asogee karibu ndipo asikie.

"Ile kadi. Ile niliyokuchukulia kwa jina langu kwa sababu wewe benki zilikukataa. Uliniambia unaitakia nini?"

"Tiketi."

"Za nani?"

"Zetu. Mimi, Deus na Daisy. Twende nyumbani Desemba."

"Desemba hiyo mlikwenda?"

"Hatukwenda."

"Ukasema kazini wamekunyima likizo," Haika akaendelea. "Halafu ukasema tiketi zimesogezwa mbele. Nikanyamaza. Mpaka jana, hata siku moja sikufungua kuangalia ile kadi imenunua nini. Mtu hamwazimi wifi yake sufuria halafu akaenda kuchungulia anapika nini."

"Wifi, nilikuwa nalipa kila mwezi."

"Ulikuwa unalipa kidogo kile wanachokitaka wasikusumbue. Deni lenyewe liko pale pale. Na jana wamenipigia. Mkopo wa nyumba wameukataa."

"Nyumba ya Dagenham?"

"Kwani ninayo nyingine?"

Hapo Marcelina akakaa. Nyumba ile aliijua. Waliizunguka pamoja, wakabishana rangi ya mapazia. Haika ameishi miaka na miaka katika chumba cha kupanga ambacho ukuta wake unaota ukungu, sanduku la nguo chini ya kitanda kama mtu atakayefukuzwa kesho. Alikuwa ameweka akiba bila kununua hata viatu vipya.

"Wanasema kadi imejaa mpaka juu, na mwisho wa mwezi huu ile sifuri inakwisha, riba inaanza kuuma. Mtu mwenye deni la namna hiyo hawampi nyumba. Mwenye nyumba ananisubiri mpaka Jumatatu. Jumatatu kama sijasafisha kadi, anampa mwingine."

Msomaji, niseme neno kuhusu hiyo sifuri. Kadi ilikuwa ya ofa: mwaka na nusu na ushei unadaiwa bila riba hata senti. Marcelina aliposikia riba ni sifuri, moyo wake ukasikia deni ni sifuri. Shuleni sifuri tuliiita yai. Sasa anayeatamia yai, asishangae likianguliwa. Wahenga walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga.

"Kwa hiyo nakuuliza tena," Haika alisema. "Umenunua nini?"

"Kihamba," Marcelina akajibu.

Haika alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Kihamba, wifi. Cha kwangu mwenyewe."

Wasomaji wa Kilimanjaro hapa wameshika vichwa. Kwa wengine nieleze: kihamba ndilo shamba la ukoo, migomba na kahawa kuzunguka nyumba, babu kazikwa humo na baba atazikwa humo. Baba humwachia mwana wa kiume. Hakiuzwi. Na mwanamke, kwa mila, hana chake humo.

Marcelina alizaliwa Kilema. Aliwasomesha kaka zake wawili kwa mshahara wa kuwaogesha wazee wa Kizungu huku London. Baba yao alipozikwa, akaomba kona tu, ajenge chumba kimoja. Kaka zake walicheka mpaka wakafuta machozi. "Kihamba chako kiko kwa mumeo," walimwambia. Lile neno lilimuuma siku ile, na lilikuwa bado linamuuma.

Ndipo akatokea mtu aliyejua pa kumshika. Marcelina na Daisy walikaribishwa chakula cha mchana cha bure katika hoteli moja, sharti wakae wasikilize habari za likizo. Bure ghali, lakini kuku alikuwa mtamu. Mara akaja mezani mwanamume mmoja wa Harrow, Mhindi wa kuzaliwa Moshi mjini, jina lake Rasik. Alimsikia Marcelina akimkaripia Daisy kwa Kiswahili. Akainama na kusema, "Shimbonyi, dada!"

Kusalimiwa kwa Kichagga na mtu mwenye tai, katikati ya London! Marcelina alilainika pale pale.

"Hawa wenzangu watakuambia ni timeshare, wiki moja kwenye jengo la kifahari Hispania kila mwaka," Rasik alimwambia. "Mimi nakuambia kwa lugha yetu. Dada, hiki ni kihamba. Wiki yako ni yako milele. Hakuna kaka wa kukunyang'anya. Hakiuzwi, kinarithiwa. Utamwachia binti yako."

Siku za kisheria za kughairi alipewa. Lakini nani aghairi kihamba? Zilipopita, kadi ya Haika ikalipa.

"Na umeshakwenda huko?" Haika aliuliza, baada ya kusimuliwa yote hayo.

"Bado. Kila nikiomba wiki yangu wanasema pamejaa."

"Ada je? Hawadai ada?"

"Ya matunzo. Kila mwaka, niende nisiende. Na inapanda."

"Kiuze."

"Nimejaribu, wifi. Hakuna anayekitaka hata bure."

Haika alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyekesha usiku kucha. "Basi Mhindi hakukudanganya. Hicho ni kihamba kweli. Hakiuzwi!"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Daisy alitoka, miaka kumi na minane, kilemba cha kulalia kichwani, macho yanakwepa. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Mum, there's something I need to tell you."

"Baadaye, Daisy."

"Mum, it's about Dad."

"Nimesema baadaye!"

Alimkatiza kwa ukali kwa sababu aliogopa. Mnakumbuka: wiki kadhaa sasa Deus, dereva wa basi, mtu wa kelele na vicheko, anapokea simu ngazini huku akinong'ona. Marcelina akiingia, yeye anakata. Mke ameshahukumu moyoni kwamba kuna mwanamke. Habari hiyo kuisikia leo, mbele ya wifi, hakuiweza.

"Kaka anajua habari za kihamba?" Haika aliuliza.

"Hajui. Wifi, nakuomba kwa Mungu, asijue."

 Haika akafunga vifungo vya koti lake. "Vaa viatu. Tunakwenda Harrow. Huyo Rasik leo atakitapika."

Walivuka London nzima kwa treni ya chini ya ardhi. Ofisi ilikuwa juu ya duka la sari, ngazi nyembamba, harufu ya bizari ikipanda kutoka jirani. Marcelina aliwahi kufika hapo mara moja, siku ya kusaini. Mlangoni zamani paliandikwa jina la kampuni ya likizo, na picha ya bwawa la kuogelea.

Picha imeondolewa. Kuna bango jipya. Marcelina alilisoma, akalisoma tena: UMEKWAMA NA TIMESHARE? SISI TUNAKUTOA.

"Tumekosea mlango," alisema.

Hawakukosea. Nyuma ya meza alikaa Rasik yule yule, tai ile ile, tabasamu lile lile.

"Shimbonyi, dada Marcelina! Wallahi, leo asubuhi nilikuwa nakuwaza!"

"Wewe si ndiye uliyeniuzia?"

"Kampuni ndiyo iliyokuuzia, dada. Ile imefungwa. Walikuwa watu wabaya sana, hata mimi walinidhulumu kamisheni. Sasa nawasaidia waliodanganywa."

"Waliodanganywa na wewe," Haika alisema.

"Huyu mwenzetu ni nani?"

"Wifi yangu. Kadi ilikuwa yake."

"Oo, wifi! Karibu sana, kaa. Mnakunywa chai? Ya tangawizi, ya nyumbani kabisa."

"Hatukuja kunywa chai. Mtoe kwenye huo mkataba. Leo."

Rasik akaweka viganja juu ya meza, uso umejaa huruma. "Kutoka kunawezekana. Lakini nyie ni watu wa mila, mnajua wenyewe. Kihamba hakiachwi hivi hivi. Lazima tambiko kwanza." Akasugua kidole gumba na cha shahada. "Kuna wakili wa hapa, kuna wakili wa kule Hispania. Mnatoa nusu leo, nusu tukimaliza. Mmekuja na kadi?"

Jamani! Mtu kakuchoma moto, halafu anakuuzia maji ya kuuzima.  Zaidi ya hasira, Marcelina aliona aibu, kwa maana kwa nukta moja, nukta moja tu, mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye mkoba.

Haika aliuona mkono. Akaushika, akaurudisha.

"Sikuja na kadi," alimwambia Rasik. "Nimekuja na sheria. Pale wodini nina mwenzangu, anaitwa Jaya, kaka yake ni mwanasheria. Ameniambia kitu kikinunuliwa kwa kadi ya mkopo, na muuzaji akawa mwongo, benki inasimama pamoja na mteja. Pesa zinarudi. Ni kweli au si kweli?"

Tabasamu la Rasik likapungua.

"Ni kweli au si kweli?"

"Inategemea," alisema, akaanza kupanga kalamu zake.

Oyaa! Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Marcelina alivuta pumzi ikafika chini. Mbona hakulijua hili? Kumbe miezi yote ile ya kuamka na kutazama dari, dawa ilikuwa ndani ya kadi yenyewe! Haika alikwisha kupiga simu benki, akaiweka mezani, sauti wazi, ili Rasik naye asikie anavyonyolewa.

Muziki wa kusubirisha ulipigwa mpaka ukachosha. Marcelina alisali Salamu Maria kimoyomoyo, akazirudia. Hatimaye akapokea msichana mwenye sauti ya upole. Haika alimweleza kila kitu kwa Kiingereza chake kizuri cha wodini: chakula cha bure, wiki ya milele isiyopatikana, kampuni iliyofungwa, na muuzaji aliyegeuza bango.

"Umepitia magumu sana," msichana alisema. "Kwa maelezo hayo kuna hoja nzuri ya kudai."

Haika alifumba macho. Marcelina alilishika bega la wifi yake, na wifi yake hakulikwepesha.

"Nithibitishe tu mambo mawili. Mwenye kadi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mkataba wa ununuzi umesainiwa na wewe?"

"Hapana, na wifi yangu. Lakini alitumia kadi kwa ruhusa yangu."

"Jina lako limo popote kwenye mkataba?"

"Halimo."

 Vidole vikabonyeza kompyuta huko viliko.

"Samahani sana. Ulinzi ule ni wa mwenye kadi aliyejinunulia kitu yeye mwenyewe. Hapa mwenye kadi ni wewe na mnunuzi ni mtu mwingine. Hatutaweza kusaidia."

"Huyo si mtu mwingine. Ni mke wa kaka yangu."

"Naelewa. Lakini kwa sheria ni mtu wa tatu."

"Sasa anayedaiwa ni nani?"

"Ni wewe."

"Na aliyedanganywa?"

"Kwa mujibu wa mkataba, si wewe."

Marcelina aliinamia simu. "Dada, nisikilize, mimi ndiye niliyekosa! Hamishieni kwangu hilo deni! Niandikeni mimi!"

"Samahani, mama, siruhusiwi kuzungumza nawe. Wewe si mwenye akaunti."

Simu ikakatwa kwa maneno ya kutakiwa siku njema.

Mtu wa tatu! Haika ndiye aliyemshika Marcelina mkono siku ya harusi, ndiye aliyempokea Daisy alipozaliwa. Alipompa jina lake ili akope, hawakuandikishana, maana nani huandikishana na wifi? Huo ndio wema wetu, msomaji. Na ndio uliowafungia mlango.

Rasik alikohoa kistaarabu. "Mmeona wenyewe. Basi turudi kwenye lile tambiko."

 Haika alinyanyuka, akatoka, viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi. Marcelina alibaki peke yake na yule mtu. Alitaka kumtukana. Alitaka kumwagia ile chai. Lakini tusi gani litasafisha kadi? Macho yake yakatangatanga ukutani, yakaangukia kona ya dirisha.

Palikuwa na chungu cha maua. Ndani yake mmea mrefu, majani marefu membamba yanayong'aa. Maduka ya samani ya London huuza mmea huo kwa mapambo, na waunuao hawajui walichonunua. Marcelina aliujua tangu utotoni. Lilikuwa sale, Wachagga huliita isale, jani la kupandwa mipakani na makaburini.

Akaenda, akachuma jani moja.

"Eh, dada! Huo ni mmea wa ofisi!"

"Uongeze kwenye ada," Marcelina alisema, akatoka.

Ndani ya treni ya kurudi walikaa bega kwa bega. Haika alitazama dirishani, nyumba pacha za Harrow zikipita, kila moja na bustani yake, kila moja na watu wenye mapazia. Machozi yalimtoka bila sauti wala kwikwi. Marcelina alilifunga lile jani fundo, kama alivyomwona mama yake akifanya. Akalishika kwa mikono miwili.

"Haika."

Haika aligeuka. Aliliona jani, akarudi nyuma kwenye kiti kama aliyeonyeshwa kisu.

"Hapana. Hapana, wifi, usinifanyie hivyo."

"Nimekosa. Nakuletea isale."

"Umelitoa wapi?"

"Kwa yule mwizi."

Kwa Mchagga isale ndiyo msamaha wenyewe. Mtu akikujia na jani hilo limefungwa fundo, amefika mwisho wa maneno. Hata awe amemwaga damu ya ndugu yako, hulikatai. Ukilikataa, laana inahamia kwako.

"Ungenilipa kwa kulia, ningenyamaza," Haika alisema. "Ungenipigia magoti, ningekupita. Lakini ukiniletea isale nifanye nini? Hata kukukasirikia umeninyima."

"Sina kingine cha kukupa."

"Najua huna."

Akalipokea. Akalikunja ndani ya kiganja. "Nimekusamehe," alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini. Marcelina alingoja moyo wake upate nafuu. Haukupata. Msamaha ameupata na nyumba imekwenda, na vitu hivyo viwili havikuhusiana hata kidogo.

Walipobadili treni ndipo Haika akasema tena. "Kaka asijue. Nitamwambia nimeghairi nyumba, sikulipenda jiko lake. Akijua atakufa na presha."

"Asante, wifi."

"Usinishukuru. Namwonea huruma yeye. Na mama." Akalitazama jani kiganjani. "Afadhali sisi cha kweli tunacho. Mimi hata nikifa sina nyumba, Deus hatanikatalia kona ya kihamba cha baba. Nitalala pale chini ya migomba, karibu na mzee. Hicho hakuna benki ya kukigusa."

Ni kweli. Katika wana wa kiume Deus ndiye wa mwisho, na kwa mila ndiye aliyeachiwa nyumba na kihamba cha baba yao, kule Kilema, jirani kabisa na kwao Marcelina. Mama yao anaishi humo mpaka leo, anapalilia kahawa na kuwagombeza mbuzi. Shika neno hilo, msomaji.

Walifika Barking mchana umekwisha kuinama. Haika alikubali kupanda juu anywe chai, ili Deus akiwaona pamoja asishuku kitu. Viatu vya Deus vilikuwa mlangoni. Bafuni maji yalikuwa yakimwagika, naye akiimba wimbo wa kwaya, kwa sauti ambayo Marcelina hakuisikia kwa wiki nyingi. Ana furaha, aliwaza. Huyo mwanamke anampa furaha.

Daisy alikuwa amesimama sebuleni, amejikumbatia.

"Mum, I told Dad."

"Umemwambia nini?"

"Everything. The timeshare, Auntie's card. Like, weeks ago. You weren't sleeping, and he kept asking me." Akatupia jicho mlango wa bafu. "He said don't say anything. He said he'd sort it. And today I told him about the house."

Kumbe Deus alishaambiwa yote wiki nyingi, kihamba na kadi, na leo habari ya nyumba. Basi hakuna mwanamke. Zile simu za ngazini zilikuwa kwa ajili yake, mumewe alikuwa akimtafutia pesa! Furaha ilimpanda kifuani na kumtia kizunguzungu. Kisha nyuma ya furaha likaja swali, taratibu. Dereva wa basi, asiye na akiba, anazitoa wapi?

Simu ya Deus, iliyokuwa ikichajiwa mezani, ikaita. Kiooni pakaandikwa: MAMA.

"Pokea," Haika alisema. "Ukimwacha, presha itampanda."

Marcelina akapokea, akaweka sauti wazi. Nyuma ya sauti ya mama mkwe kulisikika mbuzi na watu wanaoitana.

"Deus? Deus, mwanangu?"

"Shikamoo mama. Ni mimi, Marcelina. Deus yuko bafuni."

"Marahaba, mama Daisy. Napiga tangu mchana, hapokei. Hapa nyumbani kuna watu."

"Watu gani, mama?"

"Wana kamba, wanapima shamba. Wameletwa na Method, huyu binamu yenu. Anasema kihamba kimeuzwa, mwenyewe ameshapokea advansi. Nikamwambia mwenyewe ni Deus, na Deus wangu hawezi. Nimesema kweli au si kweli?"

 Haika alisogea mezani, uso umekuwa kama majivu.

"Mama, ni Haika. Wanapima wapi?"

"Haika, nawe upo? Mungu mkubwa. Wameanzia kule mferejini, sasa wamefika kwa baba yenu. Wako juu ya kaburi, mwanangu. Nimewaambia wapite pembeni, hawanisikii. Wameng'oa masale yote niliyompandia."

Haika alikifungua kiganja chake. Jani lilikuwa bado limo, na fundo lake halijafunguka.

Bafuni maji yakakatika. Mlango ukafunguka, akatoka Deus, taulo begani, uso unang'aa kama wa mtu aliyetua mzigo mzito. Alimwona dada yake, akapanua mikono.

"Haika! Bora umekuja mwenyewe. Kaa chini, mdogo wangu, kaa. Pesa zimepatikana, Jumatatu tunasafisha kadi, unachukua nyumba yako."

Na pale mezani, sauti ya kizee ikaita kutoka Kilema.

"Deus? Ni wewe huyo? Waambie waache, baba."